Kipande Kilichohama

Mvua ya Valdivia haina haya.
Huingia na wauguzi, hung'ang'ania makoti,
hupanda hadi orofa ya tatu
ambako mimi, Otilia Llancafilo, huishukuru:
hewa ikikauka, kromosomu hujikunyata
kama nguo iliyosahauliwa ndooni;
hewa ikilowa, hutandaa.
Daktari Baltazar hucheka.
Aangushe yeye matone siku ya jua, kisha tuongee.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Damu ya mrija namba mia nne na kumi na saba
nimeilea siku tatu kwa joto la mwili,
nikaiamsha kwa dutu ya maharagwe mekundu,
kisha sumu ya ua la vuli
ili kila seli isimame mlangoni,
mizigo imefungwa, urithi haujagawanywa.
Ndipo nikaipa maji yenye chumvi haba.
Ikanywa. Ikavimba. Ikausahau uzito wake.

Siki kali sehemu moja, methanoli tatu.
Mkono juu, usawa wa kidevu.
Tone.
Nikakipulizia kioo pumzi yangu ya kahawa
(mwongozo hautaji pumzi,
ila Bi Edelmira aliyenifundisha alipuliza,
na aliyemfundisha yeye).

Nyuzi joto sabini na mbili,
na nyuzi za urithi zikaachana.
Dakika mbili, basi; ya tatu huunguza.
Katika upweke huo mfupi nikawaingiza wageni,
vipande vilivyotiwa rangi:
vyekundu kwa kromosomu ya nne,
vya kijani kwa ya kumi na nane.
Kila kimoja humjua mwenzake herufi kwa herufi,
hakikai pasipo pake.
Nikaziba kingo kwa gundi ya kubandikia viraka vya baiskeli,
nikazima taa, nikaenda nyumbani kula viazi.
Wao wakatafutana usiku kucha.

Asubuhi, chumba cha giza.
Buluu kwanza, zote arobaini na sita,
zimetapakaa kama njiti za kibiriti kilichopasuka.
Kisha nyekundu: moja nzima.
Kijani: moja nzima.
Na pale pembeni
nyekundu yenye ncha ya kijani,
na kijani yenye ncha nyekundu.

Nikadhani uchafu. Nikasafisha lenzi.
Nikahesabu seli ishirini,
na zote ishirini zikasema neno moja.

Hakuna kilichopotea, ndiyo ajabu yake.
Vipande viwili vilibadilishana nyumba
kabla Priscila Oyarzo hajazaliwa,
naye akakua mzima, akaendesha msumeno
kwenye kiwanda cha mbao, akaolewa, akacheka.
Lakini mtoto hupewa nusu,
na nusu haijui kwamba mwenzake amehama.
Huja na ziada ya hiki, na pengo la kile.
Mimba tatu.

Chini ya fomu, mwandiko umeinama:
"Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilibeba viroba vya viazi."

Rangi hizi hazidumu.
Kadiri unavyozitazama ndivyo zinavyofifia,
mwanga unaozionyesha ndio unaozila.
Nikapiga picha upesi.
Ripoti yataka ishara: herufi t, mabano,
nne, nukta mkato, kumi na nane.
Nikaandika. Hakuna kisanduku cha mengineyo.

Juu ya bahasha, kwa penseli, nikaongeza:
Si viroba.

Baltazar akasoma, akatoa kifutio mfukoni,
akakigeuzageuza kati ya vidole,
akakirudisha.

Mvua bado. Unyevu mzuri.
Mrija wa mia nne na kumi na nane unangoja,
na sijapata hata kikombe cha pili cha kahawa.